Inama bookshop kwa mwalimu wa English junior school: nyota 4 kati ya 5

Mimi nafundisha English gredi ya 8, watoto 62 darasani, na kabati letu la vitabu mwaka jana lilikua na kamusi tatu na buibui. Vitabu vya kozi tunavyo, sina neno navyo, lakini mtoto hatajua kuandika kwa kusoma vifungu vya ukurasa mmoja na maswali matano chini yake mwaka mzima, anataka kitabu cha kwenda nacho nyumbani akisome mpaka mama yake azime stima. Sasa ukienda duka la kawaida kitabu kimoja cha hadithi kipya ni 500, 600 huko, zidisha mara 62 halafu uniambie kama utalala. Ndio nikawa kastoma wa inama bookshop.

Kama huishi Nairobi: ni vitabu vya mitumba vimetandazwa chini juu ya gunia kando ya barabara, ukitaka kusoma jina la kitabu lazima uiname, jina likatoka hapo. Huyu muuzaji wangu yuko downtown, si mbali na Moi Avenue, jina lake nitaliweka kwangu. Vyembamba bob 50, vinene 100, vyenye jalada gumu anaanzia 200 mnashushana. Mpaka sasa nimebeba 41.

Kitu ilinishika kwanza ni vile anajua mali yake. Nilimwambia nataka vya watoto wa miaka 13, 14 hivi ambao English yao ni ya darasani, wakitoka nje ni Kiswahili na Sheng. Hakunipa vya picha za bata. Akaniuliza, "Madam, wanapenda mpira ama mashetani?" Nikasema vyote, akainama mwenyewe akatoa kumi na tano hapo hapo, na kati ya hivyo nilirudisha vitatu tu.

Siku hizi naenda na mpwa wangu wa gredi ya 7, namkalisha kwa kreti ya soda anifanyie kazi. Anafungua ukurasa wa katikati, anasoma, kila neno asilolijua anakunja kidole. Vidole vitano vikiisha kabla ukurasa kuisha, kitabu kinarudi chini. Viwili au vitatu ndio vizuri. Bila kidole chochote pia nachukua, kuna watoto wangu ambao hawajawahi kumaliza kitabu kizima cha English maisha yao yote na hao ndio nawatafutia hivyo.

Sasa faida ambayo sikuitarajia, na ndio sababu nimeamua kuandika hii. Vitabu vya mitumba vina maisha yao ya zamani ndani. Vingi vimetoka Uingereza na Marekani, maktaba za huko zimevitoa, kwa hivyo ukifungua unakuta muhuri mkubwa mwekundu umeandikwa WITHDRAWN. Msichana mmoja wa dawati la mbele akainua mkono, "Tichaa, nani ametoa pesa hapa?" Darasa likacheka lakini alikua sawa, hilo neno wanalijua la M-Pesa! Tukakaa hapo nusu ya kipindi, kutoa pesa, kutoa kitabu maktaba, kutoa jeshi, kutoa maneno uliyosema, neno moja hilo hilo. Halafu nikawaambia waandike safari ya kile kitabu kutoka ile maktaba mpaka gunia la downtown, na kitabu ndicho kinaongea. Kuna kimoja kililalamika ndani ya kontena bandarini Mombasa ati kimewekwa chini ya kamusi nene inayokoroma. Kingine ndani kina maandishi ya peni, zawadi ya Krismasi 1983 kutoka kwa nyanya kwenda kwa mjukuu, na kundi moja likamwandikia huyo mjukuu barua ya kumuuliza mbona alikiacha. Barua zenyewe hatukuzituma popote, tumezibandika ukutani.

Ensaiklopedia nayo usiipite. Nilipata moja ya miaka ya 80 kwa bob 150, ina Ujerumani mbili, ina Umoja wa Kisovieti, na sayari ni 9. Nikawapa kazi ya kutafuta makosa. Hawakujua kwamba si makosa, ni umri. Lile la Pluto, ile sayari ya 9, walilipata haraka sana manake kwa sayansi wameambiwa ni 8, kumbe Pluto alitolewa kwa hesabu ya sayari mwaka 2006, kabla hao hawajazaliwa. Kila mmoja akaandika aya moja ya kurekebisha na sentensi moja ya kusema amejuaje. Hiyo ya kusema umejuaje ndio ngumu, nusu waliandika "because it is true".

Haya, ubaya. Jamaa hahesabu kurasa. Nilinunua kitabu cha upelelezi, kizuri kwa kushika, nikawa nawasomea kwa sauti dakika kumi Jumanne na Alhamisi, mpaka siku ile inspekta amekusanya watu wote sebuleni, amesimama karibu na moto, amefungua mdomo amtaje muuaji, nageuza ukurasa ni jalada. Kurasa zote za mwisho zimeng'oka. Darasa karibu linipige. Nikasikia joto mpaka kwa masikio, nikawaambia toeni madaftari, nani muuaji, na mtaje mistari mitatu kutoka kwa kitabu inayomshika.

Kuna kijana huwa ananiletea mistari mitano ya insha akitoa jasho. Aliandika kurasa tatu. Kwake muuaji ni mpishi, kwa sababu sura ya 4 inasema mpishi anakata vitunguu kwa mkono wa kushoto, na kikombe cha marehemu kilipatikana kishikio chake kimeelekea kushoto. Nilikisoma kitabu mwenyewe, kwa sauti, na hicho kikombe sikukiona! Kopi moja ilizunguka darasa zima wiki hiyo, wakipigania zamu ya kurudia sura za nyuma, watu ambao ukiwaambia warudie kifungu cha kozi wanaugua kichwa. Wameniomba nitafute mwisho kwa intaneti nikakataa.

Jumamosi nilirudi kulalamika. "Madam, si ungehesabu kurasa," akasema, lakini akanipa kingine bure, hiyo nimempa alama.

Ubaya wa pili, hakuna risiti. Usitegemee shule ikurudishie pesa na kijikaratasi kimeandikwa kwa peni "books", mimi natoa mfukoni na wazazi wachache wananichangia. Tena chunguza vya mapenzi, jalada linaweza kuwa na farasi na maua halafu ukifika ukurasa wa 60 unataka kukizika kitabu, na mzazi ndiye atakifungua kwanza. Mvua ikianza anafunika kila kitu na nailoni na biashara imeisha, kwa hivyo nenda asubuhi, uende na begi ya mgongoni, mifuko yake inapasuka mikanda.

Nyota moja nimeikata ni ya kurasa. Ingawa siku hizi vile visivyo na mwisho ananiwekea kando kwa bob 20. Mara ya kwanza kumwomba alinitazama akauliza, "Madam, uko sawa?" Nikamweleza habari ya mpishi na kikombe. Akanyamaza kidogo, halafu akasema hapana, muuaji atakua daktari.