Skana ya gari ya bei nafuu: ununue ipi, uache ipi

Habari zenu watazamaji, karibuni. Nazungumza nanyi kutoka Nakuru, na leo tunachambua vifaa vya kusoma kompyuta ya gari. Ninavyo vitatu hapa kitini: hiki kidogo cha buluu kinachouzwa karibu kila duka la spea, hiki cheusi cha bei ya kati, na hiki kikubwa chenye waya na skrini yake. Watu wa Kisumu, Kakamega na Eldoret mmeniuliza sana: mtu mwenye Fielder, Note au Demio yake, ambaye hataki kutoa pesa kila taa ya injini ikiwaka, anunue nini?

Kabla hujatoa pesa, anza na gari lenyewe. Inama chini ya usukani, upande wa dereva. Utaona soketi ya matundu 16, pana juu, nyembamba chini. Hiyo ndiyo OBD2, mahali pa kuchomekea skana ili izungumze na kompyuta ya gari. Marekani iliilazimisha kwa magari yote madogo kuanzia modeli za 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Sisi lakini magari yetu mengi yalitengenezwa kwa ajili ya Wajapani wenyewe, na zile za zamani zinaweza kuwa na soketi ileile huku kompyuta inazungumza lugha yake ya kiwandani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo haya yanayoshuka sasa hayatakusumbua. Wasiwasi ni zile Corolla NZE na Vitz za mwanzoni mwa miaka ya 2000 ambazo bado zinapiga kazi Kondele na Njoro. Kama lako ni la rika hilo, mwambie muuza duka mjaribu kwenye gari lako kabla hujalipa. Akikataa, nenda duka jingine.

Haya, cha buluu. Kimeandikwa ELM327, hakina skrini, kinatuma taarifa kwenye simu yako, na bei yake ni kama shilingi elfu moja hivi. ELM327 ilikuwa chipu ya kampuni ya Kanada, Elm Electronics, ambayo ilifunga shughuli zake mwaka 2022. Vingi vya hivi vya bei ya chini ni nakala. Utaona vimeandikwa toleo 1.5, na kampuni yenyewe haikuwahi kutoa toleo la namna hiyo: ilitoka 1.4 ikaenda 2.0. Vingine vimeandikwa 2.1, lakini ukivipima unakuta amri kadhaa havizijui. Vinasoma msimbo wa hitilafu, yaani ile namba ambayo kompyuta inaandika ikiona tatizo, sawa, na kuufuta vinafuta. Tabu inaanza ukitaka kuangalia gari likiwa linanguruma: namba zinakuja polepole, zinaganda, au mawasiliano yanakatika katikati. Na mwenye iPhone asikiguse kabisa hiki cha Bluetooth ya zamani, hakitaunganika. Atafute cha Wi-Fi au cha Bluetooth LE, ile mpya inayotumia umeme kidogo.

Mimi pesa yangu ingeenda kwa hiki cheusi. Hiki ni Vgate iCar Pro, toleo la Bluetooth 4.0, ndiyo hiyo LE. Kuna pia vLinker za watu haohao. Tenga elfu tatu kwenda juu kulingana na duka. Kinakubali Android na iPhone, na namba zake zinakimbia bila kukwama. Jambo moja linalowachanganya wengi: aina hii ya LE usiioanishe kwenye mipangilio ya simu. Fungua programu ya skana kwenye simu, ingia kwenye mipangilio yake, chagua kifaa humohumo. Zile za zamani ndizo unazooanisha kwanza na kuandika 1234 au 0000.

Iko OBDLink MX+, nzuri kuliko zote nilizotaja, lakini inapita dola 100. Mwenye gari moja haihitaji.

Hiki cha waya ni cha aina ya Ancel AD310. Launch CReader na Autel AL319 ni ndugu zake. Hakitaki simu wala betri, umeme kinachukua kwenye soketi. Fundi mwenye mikono ya grisi atakipenda, na mzee asiyetaka mambo ya simu pia. Ila jueni kwamba hivi vya bei ya chini vinasoma injini tu. Taa ya ABS, yaani ya breki, au ya eabegi ikiwaka, AD310 haitakwambia lolote.

Kwa programu, ninatumia Car Scanner, ipo Android na iPhone. Inakupa nafasi ya kuchagua aina ya gari lako, Toyota, Nissan, Mazda, na hapo ndipo inaweza kusoma mambo ya ziada ambayo programu ya jumla haiyafikii. Torque Pro ni ya Android tu, nayo ni imara. Wenye Prius na hibridi nyingine za Toyota, tafuteni Dr. Prius au Hybrid Assistant, maana inawaonyesha betri kubwa kipande kwa kipande. Ukiona kipande kimoja kinashuka volti haraka kuliko wenzake, umejua mapema.

Sasa tuingie kazini. Hii ni Demio. Nimewasha swichi bila kupiga stata. Natafuta presha ya manifoldi, yaani ya hewa kwenye bomba linaloingiza hewa kwenye injini. Mnaona? Kilopaskali 82. Mtu wa Mombasa akiona 82 atasema sensa imekufa, kwa sababu kwake inasoma 101 hivi. Lakini Nakuru tuko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Ukishuka Kisumu itapanda hadi 88 au 89. Kwa hiyo ukipima hapa mjini, injini imezimwa, ukakuta 101, hapo sasa ishuku hiyo sensa.

Na hili ndilo ninalotaka mlishike, maana linawapotezea watu pesa: msimbo haukwambii ununue spea gani. Kuna mwalimu wa Njoro, Fielder yake ilileta P0171, yaani mafuta ni kidogo mno kwa hewa inayoingia. Akaambiwa anunue sensa ya oksijeni. Tulipounganisha, tukafungua marekebisho ya mafuta ya muda mrefu, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Injini ikinguruma bila kukanyagwa, inasoma zaidi ya asilimia 18. Tukakanyaga mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika, ikateremka mpaka asilimia 3. Namba ikiwa juu wakati wa kunguruma halafu inashuka ukikanyaga, gari linavuta hewa mahali. Ingekuwa inapanda ukikanyaga, tungeshuku pampu, filta ya mafuta au sensa ya hewa iliyochafuka. Tukafuata mipira ya hewa mmojammoja kwa vidole, tukakuta mmoja umepasuka chini yake, upande usioonekana. Ukiubana kwa kidole, mngurumo unatulia. Sensa yake ilikuwa nzima.

Ndiyo maana nasisitiza namba za moja kwa moja, na ndiyo maana kifaa kinachoganda hakinifai. Na usifute msimbo kabla hujapiga picha ya skrini, hasa ile rekodi inayoonyesha hali ya gari wakati taa ilipowaka: joto, mwendo, mizunguko. Ukifuta, hiyo nayo imekwenda.

Mnaonunua gari yadini au kwa mtu, bebeni skana. Taa ya injini kutowaka si kitu, mtu anaweza kuifuta asubuhi. Angalia mambo mawili. Kwanza, umbali tangu misimbo ifutwe. Programu inausoma kwenye magari mengi. Pili, vipimo vya utayari, yaani majaribio ambayo kompyuta inajifanyia gari likitembea, na yanaanza upya misimbo ikifutwa. Kama vingi bado havijakamilika na gari eti linatumika kila siku, kuna aliyefuta juzijuzi au aliyechomoa betri. Muulize muuzaji kwa upole kwa nini. Jibu lisipoeleweka, omba uliendeshe safari ya maana, barabara kuu na ndani ya mji, kisha usome tena.

Ukimaliza, chomoa. Tundu namba 16 lina umeme muda wote hata ukizima gari, na kifaa kikikaa humo wiki nzima kwenye gari lisilotembea, betri dhaifu haitapiga stata. Isitoshe, hivi vyenye 1234 yeyote aliye karibu anaweza kujiunga navyo.

Andikeni hapo chini gari lenu, mwaka wake na simu mnayotumia, niwaambie kipi kitaoana. Wenye Subaru nitawafanyia video yao peke yao.