Tyubu au metali halaidi? Taa ya kununua kwa tangi la matumbawe ukiwa Dodoma

Taa yangu ya kwanza ilifika Dodoma kwa basi, imeviringishwa kwenye blanketi: fremu ya mtumba yenye globu mbili za metali halaidi (globu kali za jamii ya zile za kumulika viwanja), wati 250 kila moja. Muuzaji wa Dar alinihakikishia, "Kaka, kwa bei hii huipati tena," na kwenye bei hakunidanganya. Ilipofika Novemba, mvua bado hazijaanza, maji ya tangi yakawa yanagonga nyuzi 30 kila saa tisa alasiri. Matumbawe yalianza kupauka kwenye ncha. Ndani ya wiki tatu, matawi ya Acropora, tumbawe gumu, niliyoyalea miezi minane yalibaki mifupa mitupu.

Tumbawe ni mnyama, lakini sehemu kubwa ya chakula chake hutengenezwa na mwani mdogo sana unaoishi ndani ya nyama yake, na mwani huo unahitaji mwanga kama mahindi yanavyohitaji jua. Maji yakizidi joto, tumbawe humtapika mpangaji wake huyo. Ndiko kupauka kwenyewe. Taa ileile inayolilisha inaweza kulichemsha. Lenga maji yakae kati ya nyuzi 24 na 27. Hapa kwetu swali la kwanza la kumuuliza muuzaji ni hili: taa hii itaniletea joto kiasi gani, na itakula uniti ngapi?

Nichukue mfano wa tangi la futi nne, yaani sentimita 120, kwa sababu ndilo wengi huanza nalo. Globu moja ya metali halaidi hufunika vizuri eneo la takriban sentimita 60 kwa 60, kwa hiyo futi nne zinataka globu mbili. Mbili za wati 250, ukijumlisha kinachopotea kwenye choki, ni kama wati 560. Ukiwasha saa nane kwa siku, mwezi mzima zinakula uniti 134 hivi. Tyubu nne nyembamba za aina ya T5 za wati 54 pamoja na choki yake ya elektroniki ni kama wati 235, na kwa saa zilezile zinakula uniti 56. Kwa bei ninayolipa, karibu shilingi 356 kwa uniti, kodi na tozo zikiwemo, metali halaidi inanitoa kama 48,000 kwa mwezi na tyubu kama 20,000. Kama nyumba yako iko kwenye ile bei nafuu ya wanaotumia hadi uniti 75 kwa mwezi, metali halaidi peke yake inakuvusha kabla hujawasha friji, na ukivuka bei inapanda zaidi ya mara tatu. Hata tyubu zitakubana. Piga hesabu hiyo mapema.

Halafu umeme wote huo unaishia kuwa joto. Wati 560 kwenye sebule ya bati, Oktoba mchana, ni sawa na kuacha pasi ndogo ikiwaka saa nane.

Tuna faida moja ambayo wenzetu wa pwani hawana. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na kiangazi chake ni kikavu. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji inaweza kuyashusha nyuzi mbili hadi tatu, jambo gumu kwenye hewa nzito ya Dar. Gharama yake ni kwamba maji yanapungua haraka huku chumvi ikibaki, hivyo kila siku unaongeza maji yasiyo na chumvi. Usiongeze ya bomba. Maji yetu ya visima ni magumu, angalia tu ukoko mweupe ndani ya birika lako. Tumia yaliyopita kwenye mashine ya RO, yaani ya kuchuja hadi chumvi na madini, na mashine hiyo uinunue kabla ya taa.

Sasa mpangilio wangu, kwa mtu wa Dodoma mwenye tangi la kina kisichozidi sentimita 60.

1. T5 za mwangaza mkubwa, tyubu nne, kila moja na reflekta yake

Hii ndiyo ningeinunua leo kama mfuko ni wa kawaida. Tyubu ya T5 ni nyembamba, milimita 16, na imeundwa kutoa mwanga wake wa juu kabisa hewa inayoizunguka ikiwa kwenye nyuzi 35 hivi, hivyo joto la mji wetu haliidhoofishi. Neno la kulishikilia dukani ni reflekta, yaani bati linalong'aa la kurudisha mwanga chini. Fremu yenye bati moja bapa kwa tyubu zote hupoteza mwanga mwingi, kwa kuwa tyubu moja humulika mgongo wa nyingine. Tafuta ile ambayo kila tyubu ina reflekta yake iliyokunjwa. Tyubu nne za namna hiyo huwa nazichagua mbele ya sita zilizopangwa kwenye bati bapa.

Kwenye rangi, weka mbili nyeupe za Kelvini 10,000 hadi 12,000 (Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga, namba ikipanda buluu inazidi), na mbili za aktiniki, yaani buluu iliyokolea, zenye kilele karibu na nanomita 420. Ukipenda bahari ya kina, ongeza buluu. Hapo ndipo tyubu zinaponifurahisha: unabadilisha sura ya tangi kwa kuchomoa moja na kuchomeka nyingine.

Itainua matumbawe kama Sarcophyton, Zoanthus na Euphyllia bila shida, na hata yale yanayodai mwanga mkali, Montipora na Acropora, ukiyaweka juu karibu na maji. Inyanyue sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye maji. Umeme ukikatika na kurudi, inawaka papo hapo. Choki ikifa, fundi yeyote mzuri wa umeme anaweza kukubadilishia. Tyubu zenyewe zibadilishe baada ya miezi 10 hadi 12 hata kama bado zinaonekana kuwaka vizuri, maana rangi huhama kabla ya jicho kugundua na mwani mchafu ndio unaofaidi.

Jambo moja linanipa wasiwasi. Mwaka 2023 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, unaopambana na zebaki, zilikubaliana kusitisha tyubu za matumizi ya kawaida ifikapo 2027. Tyubu za akwariamu ni za kazi maalumu, lakini kiwanda kinachopoteza soko la maofisi na madarasa hakitabaki wazi kwa ajili yetu wachache. Ukinunua fremu, nunua na tyubu za akiba za mwaka mmoja au miwili. Iliyokufa usiivunje wala usiitupe kwenye jalala la mtaa, ina zebaki.

2. LED ya matumbawe

Mwenye hela na aende huku moja kwa moja: joto kidogo juu ya maji, umeme mdogo, hakuna globu za kubadilisha kila mwaka. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya bei ya kuanzia, na kwa sababu bodi yake ikiungua utasubiri kipuri kutoka nje huku matumbawe yakikaa gizani. Zile za bei rahisi zisizosema chochote kuhusu urefu wa mawimbi ya mwanga ziache dukani.

3. Metali halaidi ya wati 150

Hapa naandika kwa upendo, kwa sababu hakuna taa iliyowahi kunipa sura nzuri kama hii. Mwanga unatoka kwenye nukta moja, kwa hiyo mawimbi ya maji yanachora mistari inayocheza kwenye mchanga, kama ukiinama kwenye maji mafupi ya Mafia saa nne asubuhi. Tyubu haiwezi kukupa hiyo, mwanga wake umetapakaa. Na metali halaidi inapenya: tangi likiwa na kina cha sentimita 60 hadi 75, wati 250 zinafika chini pale T5 zinapochoka. Mwenye tangi la kina hicho kwenye ukumbi wa hoteli, na kiyoyozi kinachofanya kazi muda wote, kwake hii inapanda hadi namba moja. Wati 400 ni za matangi yenye kina zaidi ya hapo, nyumbani hazina kazi.

Ukiamua, chagua Kelvini 10,000 au 14,000. Zile za 20,000 zina buluu ya kupendeza ila mwanga unaolisha tumbawe ni kidogo. Itundike sentimita 20 hadi 30 juu ya maji, usifunike tangi. Globu zenye ncha mbili ni lazima ziwe na kioo cha mbele, kwa kuwa bila hicho mionzi ya urujuanimno itaunguza matumbawe na macho yako. Usiishike globu kwa vidole vitupu, na tone la maji ya chumvi likiigusa ikiwa ya moto inaweza kupasuka. Umeme ukikatika kidogo tu, haiwaki tena mpaka ipoe, dakika 5 hadi 15, na kukatika mara kwa mara kunaichosha.

4. Tyubu za kawaida za T8

Futi nne, wati 36, zile za ofisini. Kwa matumbawe ni hafifu, labda yale matumbawe laini yanayoitwa uyoga. Lakini kama unafuga samaki wa Ziwa Tanganyika au Ziwa Nyasa kwenye maji yasiyo na chumvi na mawe, tyubu moja inatosha kabisa na hii makala yote haikuhusu.

Usinunue: taa za viwanja za dukani

Maduka ya vifaa vya umeme mjini yana metali halaidi za viwanja na maghala kwa bei inayovutia. Choki zake ni nzuri. Globu zake kwa kawaida ni za Kelvini 4,000 hivi, njano njano, na tangi litajaa mwani wa kahawia.

Ukipewa taa ya mtumba, mwambie muuzaji aiwashe mbele yako kwa dakika ishirini, aizime, aiwashe tena ikishapoa. Sikiliza choki: mngurumo mkubwa ni dalili mbaya. Angalia kutu ya chumvi kwenye soketi. Hesabu globu au tyubu zilizomo kama zimeisha na uweke bei ya mpya kwenye bajeti yako.

Siku ya kwanza washa kwa muda wa saa nne tu, uongeze nusu saa kila baada ya siku chache hadi zifike nane, kwa kuwa mwanga mpya wa ghafla nao hupausha. Kila Jumamosi zima, subiri ipoe, futa reflekta kwa kitambaa chenye unyevu. Kati ya Julai na Oktoba vumbi la Dodoma linakula mwanga kuliko uzee wa tyubu. Na matumbawe yenyewe nunua yenye vibali: yale magumu yamo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na la porini liache baharini.