Apu ya kutambua vitu vya kale: nyota tatu, na hapo nimeipendelea

Miezi minne hivi natumia hii apu, unapiga picha kitu afu inakwambia ni nini na cha lini. Mi huwa naokota vitu mtoni maji yakipungua, chupa, vizibo, vigae vya sahani, sasa nilivyoiona nikasema basi nimepata fundi, nikalipia na ile ya mwezi kabisa.

Kitu kizima chenye jina linalosomeka inakipata, siwezi kuisingizia. Chupa yenye gololi shingoni iliijua hapo hapo, ni ya Hiram Codd, Mwingereza wa miaka ya 1870, gesi ya soda yenyewe ndo inasukuma gololi izibe mdomo. Nilifurahi kama mtoto.

Kazi iko kwenye vipande. Kitako cha chupa nilikipiga picha mara sita, mara bakuli, mara taa ya gari, taa ya gari jamani! Halafu kibaya zaidi ni miaka. Nilikuwa na chupa ya Coca-Cola imeandikwa ubavuni PAT'D NOV. 16, 1915, apu ikasema imetengenezwa 1915, wakati hiyo ni tarehe ya hataza, yaani haki ya mbunifu, ya lile umbo, chupa zenye maandishi hayo ziliendelea kutengenezwa miaka baada ya hapo. Mtu asiyejua anaenda kuuza kwa bei ya uongo na anagombana na watu bure.

Na haiangalii mshono! Ule mstari wa kalibu ukipanda mpaka juu kabisa ya mdomo, mara nyingi hiyo chupa ni ya mashine, na mashine ya Owens ya kutengenezea chupa imeanza 1903, kwa hiyo apu ikikwambia ni ya 1850 we cheka tu.

Nilichogundua, usiipe kitu kizima, ipe herufi. Osha tope kwa mswaki, paka unga halafu futa juu juu, herufi zilizozama zinabaki nyeupe, zilizotokeza mulika tochi kwa ubavu, zima flashi, afu piga hapo hapo kwenye maandishi. Hapo inasoma hata nembo ndogo za kitakoni, umri unautafuta mwenyewe.

Kulipia nimeacha, ya bure inasoma herufi vile vile.