Vitamini zilinitia ganzi miguuni, muuzaji akanicheka

Nimevumilia vya kutosha, leo nasema. Niliingia duka la dawa nikilalamikia uchovu tu, nikatoka na chupa ya vitamini B "za nguvu". Sikuulizwa nakula nini wala natumia dawa gani. Kwa miezi kadhaa nikawa nameza kidonge kimoja kila asubuhi, sikukosa hata siku.

Mara vidole vya miguu vikaanza kuwaka. Vichomo vya sindano ndogo ndogo, kisha ganzi. Usiku shuka likinigusa unyayo nashtuka. Ndipo nikaipiga lebo picha na kuikuza, maana maandishi yake ni madogo kama mayai ya chawa. Vitamini B6, miligramu 100. Mtu mzima wa chini ya miaka 50 anahitaji miligramu 1.3 kwa siku! Ulaya wameweka kikomo cha 12.

Nikarudi na chupa mkononi. "Dada, naomba unisikilize, miguu yangu..." Hakuinua macho kwenye simu. "Vitamini hazina madhara, kaka. Zikizidi unazikojoa." Akamgeukia mwenzake, wakacheka. Kicheko kile kinaniuma kuliko ganzi yenyewe. Mkojo ulikuwa wa njano kali kweli, lakini ile rangi ni ya B2. B6 ikizidi kwa muda mrefu hudhuru neva. Na vitamini A na D, ambazo mwili huziweka akiba, naye angemwambia mtu azikojoe?

Daktari aliniachisha siku ileile. Nilipopimwa damu, kumbe nilichopungukiwa ni madini ya chuma! Ganzi imepungua, haijaisha.

Nilikusudia kuandika kwamba vidonge hivi vyote ni utapeli. Siwezi. Mama yangu ametumia metformin miaka mingi kwa ajili ya kisukari, na dawa hiyo huweza kushusha vitamini B12 mwilini. Alipimwa B12 ikakutwa iko chini, akaandikiwa, na sasa anapanda ngazi bila kupumzika katikati. Mdogo wangu wa kike naye alianza asidi ya foliki, ambayo nayo ni vitamini B, mikrogramu 400 kwa siku, kabla hajashika mimba, na nilimuunga mkono. Wao walikuwa na sababu. Mimi nilikuwa na uchovu na mtu wa kuniuzia.

Chupa nilitaka kuipa nyota moja. Nikikumbuka kile kicheko, hata hiyo siitoi. Vidonge vimebaki nusu. Nitavirudisha palepale, na safari hii ataweka simu chini.