Kabla ya Idi: kofia ya viua au makubadhi?

Kwa duka la mtandaoni lenye zawadi za wanaume, ningetangaza kofia kwanza. Kofia ya viua hushonwa kwa sindano, kitundu baada ya kitundu, na moja yaweza kumchukua mshonaji wiki nyingi, hata miezi. Zikiisha, zimeisha. Kwa hiyo tangazo litoke tangu Shaabani, mwezi wa kabla ya Ramadhani, na picha ya karibu inayoonyesha uzi, pembeni kofia ya mashine, mnunuzi ajionee bei inatoka wapi. Tena ni nyepesi: kuituma Muscat kwa mjomba si kazi. Kinachosumbua ni kipimo. Mshauri mteja apime kofia kuukuu ya mzee kwa siri, maana kumzungushia mtu futi kichwani halafu umwambie "hamna kitu" ni mtihani.

Makubadhi hayana shida hiyo, mke anajua namba ya viatu vya mumewe. Fundi hodari hatumii muda mrefu kwa jozi moja, basi yafaa kuyatangaza kumi la mwisho la Ramadhani, kwa wale wanaokumbuka zawadi mwezi ukikaribia kuandama. Ila uza hapo hapo mjini. Ngozi ina uzito, na nauli hula faida.