Vifuniko vya silikoni vya matundu ya ditekta: uzoefu wangu kwenye mchanga wa Mwanza

Seti hii ya kukinga ditekta, yaani mashine ya kutafutia metali ardhini, ina vitu vya aina sita: kizibo cha silikoni cha tundu la hedifoni la milimita 3.5, kifuniko cha tundu la chaji, kofia ya kukaza ya kiungo cha kebo ya koili (lile duara la chini linalopitishwa juu ya ardhi), oringi mbili za akiba (pete za mpira za kuzuia maji), kijipaketi cha grisi ya silikoni, na koti la neoprini (kitambaa cha mpira) lenye dirisha angavu la skrini. Naitumia kandokando ya ziwa, Luchelele hadi Igombe, mchangani na kwenye maji ya magotini. Kwa mchanga na mvua naipa alama za juu. Kwa kuzamisha mashine, hapana, ingawa pakiti imeandikwa kwamba haipitishi maji.

Kifuniko hakiongezi kina ambacho mashine haikutengenezewa. Gold Monster 1000 ya Minelab, kwa mfano, koili yake inazama hadi mita 1 lakini boksi lenye skrini na vitufe halizami kabisa. Equinox 800 inazama yote hadi mita 3, na Garrett AT Gold hivyohivyo mita 3. Kwa hiyo mwenye Gold Monster akiona silikoni imebana vizuri asije akadhani sasa ana Equinox. Maji yatapita kwenye vitufe, kwenye spika na kwenye maungio ya boksi, sehemu ambazo seti hii haizigusi.

Kizibo cha hedifoni ndicho kilichonifurahisha zaidi, na ndicho kinachohitaji marekebisho. Ndani ya tundu la milimita 3.5 kuna vijibati vya springi, na kwenye mashine nyingi kimojawapo ni swichi: plagi ikiingia inakisukuma, spika inakatika. Punje ya mchanga ikikwama hapo, au tone la maji likibaki, mashine inaona kama hedifoni zimechomekwa na spika inanyamaza. Wengi hukimbilia kwa fundi wakiamini spika imekufa. Kabla ya kwenda huko, geuza tundu liangalie chini, puliza kwa ile pampu ndogo ya mpira ya kuvutia makamasi ya watoto inayouzwa duka la dawa, acha pakauke, kisha ingiza na kutoa plagi safi mara chache. Mara nyingi sauti inarudi. Usichokoe kwa sindano, utapinda vijibati. Wala usipeleke kwa mtu wa kujaza upepo matairi: upepo ule una nguvu kupita kiasi, una unyevu wa ndani ya tangi, na unasukuma punje ziende mahali ambapo hazitoki tena.

Sasa, shina la kizibo chenyewe ni refu. Likiingia lote linaweza kuisukuma swichi ileile, na ukabaki na mashine bubu isiyo na tatizo lolote. Likate kidogokidogo kwa wembe, ukijaribu kila baada ya kukata, mpaka spika iongee huku ukingo wa kizibo ukiwa bado umelala bapa kwenye boksi. Ukingo ndio unaozuia mchanga. Shina kazi yake ni kushikilia tu.

Kofia ya kiungo cha koili ni ya safarini, koili ikiwa imetolewa. Koili ikiwa imefungwa, anayezuia maji ni oringi ya kiungo, na hapa ndipo pa kuwa makini kuliko pengine popote. Mchanga wa kwetu umetokana na mawe ya granaiti, yaleyale yaliyojazana mjini kote, na chembe zake ni ngumu zenye kona kali. Punje moja ikilala juu ya oringi inaacha njia pembeni yake, maji yanapita, na ukizungusha kufunga inakwangua mpira ukawa na mfereji wa kudumu. Unywele nao unatosha kuvujisha. Mimi naitoa oringi kwa ncha ya kijiti cha plastiki, kamwe si kwa bisibisi. Naifuta kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, nafuta na mfereji inamokaa, kisha naipaka grisi kiasi cha punje ya mchele, nikiizungusha kati ya vidole hadi ing'ae bila mabonge. Grisi ikizidi inakuwa gundi ya kukusanya mchanga. Na isiingie kwenye tundu la hedifoni hata kidogo.

Aina ya grisi nayo ina maana. Vaselini na grisi ya magari zina asili ya petroli, na baadhi ya mipira huvimba na kulegea ikiguswa nazo. Grisi ya silikoni ni salama kwa oringi nyingi, isipokuwa zile ambazo zenyewe ni za silikoni, maana nazo huvimba kwa grisi ya jamii yake. Kijitabu cha mashine kinasema oringi ni ya nini. Seti hii haisemi, na kwangu huo ni upungufu mkubwa.

Kinachoingiza maji kuliko watu wanavyodhani ni joto. Ditekta iliyokaa juani au kwenye buti la gari inaweza kufika nyuzi 50 za Selsiasi, na hewa iliyomo ndani inapata moto. Ukiitumbukiza kwenye maji ya nyuzi 25, hewa ile inapoa na shinikizo la ndani linashuka kwa takriban asilimia 8. Kwa mwinuko wa ziwa letu, kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hiyo ni sawa na kuongeza kina cha karibu sentimita 70. Unaizamisha hadi magotini, lakini oringi inabanwa kama maji yamekupita kiuno. Iweke kivulini robo saa kwanza, boksi lisiwe la moto mkononi.

Ukimaliza kazi, usifungue kitu ufukweni. Suuza kwa maji ya bomba yanayotiririka taratibu vifuniko vikiwa vimefungwa. Maji ya mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, yana tope laini na magamba ya samaki, hayafai kusuuzia, na mashine ya kuoshea magari ndiyo usiitaje. Futa, kung'uta, laza matundu yakiangalia chini, na ufungue baada ya nje kukauka kabisa.

Kuchaji kusubiri zaidi. Maji ya ziwa hayana chumvi ya bahari, kutu inakuja polepole, lakini pini yenye unyevu ikipewa volti 5 za chaja inaanza kuliwa na kuota kijani. Kwa mashine zenye kebo ya chaji ya sumaku, kama Equinox 800, kuna adha ya ziada: mchanga mweusi una madini ya chuma, nao unang'ang'ania sumaku. Kufuta kwa kitambaa kunausogeza tu. Bandika kipande cha selotepu kwenye sumaku na ukivute, urudie hadi kitoke kisafi.

Koti la neoprini sina mapenzi nalo sana. Linakinga jua na manyunyu, ila likilowa linabaki na maji siku nzima, na mchanga ulioingia chini yake unasugua skrini. Ukilivaa, livue kila jioni. Ndivyo ilivyo hata kwa kava la chini la koili, ambalo halimo kwenye seti: mchanga mweusi ukikusanyika ndani yake, mashine inapiga kelele za uongo kila ukipitisha, na mtu anaanza kulaumu kebo.

Oringi za akiba pima kabla ya kuziamini: kipenyo cha ndani na unene wa mpira, vyote viwili, ukilinganisha na ile ya mashine. Nyembamba zaidi kwa nusu milimita inaingia vizuri na kuvuja vizuri. Ya zamani ikishakuwa bapa upande mmoja au ina nyufa ukiikunja, itupe hata kama haijavuja.