Msimu wa 5 wa The Wire: niliutazama na mzee wangu, askari mstaafu

Nimekulia kambi ya polisi Nsambya, hapa Kampala. Baba Mteso, mama Mlugbara, jirani wa kushoto Mkonjo, wa kulia Mnubi. Bila Kiswahili tusingeweza hata kuombana chumvi. Ukubwani nikawa ripota kwa miaka minne, wa kulipwa kwa habari iliyotoka tu, katika gazeti ambalo sitalitaja. Kwa hiyo The Wire, tamthilia ya runinga inayoweka polisi na gazeti chungu kimoja, ilikuwa lazima inipate. Rafiki aliniazima seti ya DVD, nami najua nimechelewa: msimu huu wa 5 ulirushwa na HBO, kituo cha runinga cha Marekani, kuanzia Januari hadi Machi 2008. Nitafichua mambo mengi, anayetaka kuutazama kwanza aishie hapa.

Kisa kiko Baltimore, Marekani. Jiji halina pesa, askari hawalipwi saa za ziada, na upelelezi wa Marlo Stanfield, ambaye genge lake liliacha maiti 22 kwenye nyumba zilizohamwa, unafungwa. Mpelelezi McNulty anashikwa na hasira, anaanza kuchezea maiti za watu wasio na makazi ili ionekane kuna muuaji mmoja anayewawinda. Huku kwenye gazeti la Baltimore Sun, ripota Scott Templeton anabuni maneno na kuwawekea watu midomoni. Uongo wa polisi unakutana na uongo wa gazeti, na kila mmoja unamthibitisha mwenzake. Templeton anafikia kudai muuaji kampigia simu. McNulty, anayejua vizuri kwamba muuaji huyo hayupo, hawezi kumkanusha.

Nilikuwa nimepanga kutazama peke yangu. Mzee akapita sebuleni wakati wa onyesho la kwanza kabisa: wapelelezi wamemkalisha kijana mtuhumiwa mbele ya mashine ya kopi, wamemwambia ndiyo mashine ya kupima uongo. Anaweka mkono juu ya kioo, wanauliza swali, karatasi inatoka imeandikwa "Kweli". Swali jingine, "Kweli". La mwisho, "Uongo". Kijana anasalimu amri. Mzee alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Mbinu nzuri sana hiyo," akasema akifuta macho. "Lakini kituoni kwetu hiyo mashine yenyewe ingetoka wapi?"

Hakuondoka tena. Kiingereza cha mitaa ya Baltimore kilimshinda, hata mimi niliegemea maandishi ya chini, basi nikawa VJ wa sebuleni, namtafsiria kwa Kiswahili cha kambi kama wanavyofanya ma-VJ, wafasiri wa filamu wa vibanda vya video, kwa Kiganda. Stima ilikatika mara mbili katikati ya sehemu ya tatu. Mzee akakaa palepale gizani akingoja.

Upande wa gazeti ndio ulionishika koo. Mtunzi, David Simon, alikuwa ripota wa polisi kwenye gazeti hilohilo la Sun mpaka 1995, na inaonekana. Mhariri wa habari za jiji, Gus Haynes, anazinduka usiku akihofia amegeuza tarakimu katika habari ya bandari, anapiga simu ofisini wamhakikishie. Tarakimu ziko sawa. Hakuna mkasa wowote unaofuata, ni hofu tu, na yeyote aliyewahi kuweka jina lake gazetini anaijua hiyo hofu. Kuna pia msahihishaji mzee anayemkomesha ripota mchanga Alma kwa neno moja la Kiingereza, "evacuate": kinachoondolewa watu ni jengo, na ukisema umemfanyia hivyo mtu, maana yake umemsafisha tumbo kwa bomba. Kumtafsiria mzee kichekesho hicho kulinitoa jasho. Mwishowe nikamwambia ni kama wanaoandika "marehemu alifariki papo hapo", kana kwamba alikuwa tayari maiti akafa mara ya pili. Akaelewa.

Huyo Alma anapata habari ya mauaji ya watu watatu, anaamka alfajiri kwenda kutafuta gazeti, anakuta imezikwa kurasa za ndani. Nilisimamisha picha hapo. Niliwahi kusimama saa kumi na mbili asubuhi kwa muuza magazeti wa stendi yetu, nikamwomba nichungulie bila kununua, nikakuta kazi yangu ya siku nne imekuwa mistari mitatu. Tena jina la kijiji limekosewa. Muuzaji akaniambia, "Pole ndugu, sasa likunje vizuri."

Kasoro zipo. Wakubwa wa gazeti, Whiting na Klebanow, wamechorwa kwa hasira. Hawana hata dakika moja ya kuonewa huruma, ilhali tamthilia hii huwahurumia hata wauaji. Templeton naye hatujui hasa anaumwa nini. (Aliyemwigiza, Tom McCarthy, baadaye aliongoza Spotlight, filamu ya waandishi wanaofanya kazi yao sawasawa, ikachukua Oscar ya filamu bora. Huenda alikuwa anatubu.) Sehemu ni 10 tu, msimu uliotangulia zilikuwa 13, na haraka inaonekana. Mzee hakuukubali ujanja wa McNulty hata kidogo: kwake, kutengeneza maiti ni kazi kubwa kuliko kumkamata mwizi, na mlevi yule asingeiweza.

Wengi huulaumu msimu huu kwa sababu ya kisa hicho cha muuaji wa uongo. Mimi natazama gazeti linakosa nini likiwa limekodolea macho uongo. Omar Little, jambazi aliyetikisa jiji zima kwa misimu mitano, anapigwa risasi dukani na mtoto mdogo. Habari inafika kwa Gus kama mwanaume mweusi wa miaka 34 aliyeuawa dukani, nafasi ni finyu, anachagua habari ya nyumba iliyoungua. Na Gus ndiye mhariri mzuri! Hakuna aliyemwambia marehemu ni nani.

Mzee aliuliza, "Kesho yake waliandika?"

"Hawakuandika, Baba."

Akanyamaza, kisha akanitajia majina mawili ya miaka ile ya kambini. Nayakumbuka yote mawili. Vifo vyao vilijulikana kuanzia kwenye bomba la maji hadi geti, na gazetini havikuonekana popote.

Nyota nne kati ya tano. Usianzie hapa kama mzee wangu. Anza msimu wa 1, na wa 4 wenye wale vijana wa shule usiuruke. Yeye sasa ameamuru turudi mwanzo amwone Omar akiwa hai. Tumekwama kwenye diski ya pili, ina mikwaruzo, na kila jioni anaipangusa kwa pindo la shati.